Ulizaliwa mwezi gani? Tafuta kito chako Changamwe, Likoni na Kisauni

Msomaji mpenzi, ulizaliwa mwezi gani? Usistaajabu kuulizwa. Swali hilo limekuwa la kawaida mashuleni, maofisini na hata katika sherehe za arusi. Ukishajibu tu, utaambiwa kito chako ni kipi, kinaleta bahati gani, na pengine utaonyeshwa pete palepale.

Aliyezaliwa Januari huambiwa kito chake ni ganeti, jiwe la urafiki na la kumlinda msafiri. Wa Februari hupewa amethisto, jiwe la zambarau ambalo Wayunani wa kale waliamini humzuia mtu kulewa. Jina lenyewe kwa lugha yao lina maana ya asiyelewa. Wa Machi ana akwamarini, jiwe la mabaharia. Wa Aprili ana almasi, alama ya uimara. Wa Mei ni zumaridi, jiwe la mapenzi na uzazi. Wa Juni ni lulu, usafi wa moyo. Wa Julai ni yakuti nyekundu, ujasiri. Wa Agosti ni peridoti, ya kijani kama ndimu, ambayo watu wa kale walisema hufukuza hofu za usiku. Wa Septemba ni yakuti samawi, ukweli na uaminifu. Oktoba ni opali yenye rangi nyingi, jiwe la matumaini. Novemba ni topazi, na Desemba ni feruzi, jiwe la kumkinga mtu na shari.

Wengi wetu hudhani haya ni mambo ya ng'ambo yaliyoletwa na magazeti ya urembo. Lakini ukitenga siku moja ukazizunguka bara zote za Mombasa, magharibi Changamwe, kusini Likoni na kaskazini Kisauni, utakuta kwamba vito hivi vina historia ndefu na watu wa hapa. Basi chukua chupa ya maji, maana jua la Mombasa halina mzaha, wachukue na watoto, twende.

ORODHA ILITOKA WAPI?

Kabla ya kupanda gari, ni vyema tuijue orodha yenyewe. Wasomaji wa Biblia watakumbuka kwamba katika kitabu cha Kutoka, kuhani Haruni alivaa kifuani kifuko chenye mawe kumi na mawili, yaliyopangwa safu nne, kwa ajili ya makabila kumi na mawili ya Israeli. Katika karne ya kwanza mwandishi Myahudi Flavius Josephus aliyalinganisha mawe hayo na miezi kumi na miwili ya mwaka. Kutokana na hapo wenye uwezo wakawa wanamiliki mawe yote, kila mwezi wakivaa lake. Desturi ya mtu kushika jiwe moja tu, la mwezi aliozaliwa, na kulivaa maisha yake yote, ilikuja kushika mizizi Ulaya, hasa Poland, katika karne ya 18.

Hata hivyo orodha haikuwa moja. Kila nchi ilikuwa na yake, na hali hiyo iliwapa shida wauzaji. Ndipo mwaka 1912 wafanyabiashara wa vito wa Marekani walipokutana mjini Kansas City, wakapatana juu ya orodha moja ya kuuzia. Hiyo ndiyo unayoikuta mpaka leo kwenye kadi na vitabu. Nayo imetiwa mikono mara kadhaa. Mwaka 1952 jiwe la zirkoni liliingizwa Desemba. Mwaka 2002 tanzanite, inayochimbwa Mererani nchini Tanzania na kwingineko duniani haipatikani, nayo ikaongezwa Desemba. Mwaka 2016 Agosti ikapewa spineli, jiwe ambalo baadhi ya mazuri yake hutoka Mahenge, Tanzania.

Biashara haigombi, msomaji, na hakuna ubaya mfanyabiashara kupanga bidhaa zake. Ila ni vizuri ujue kwamba aliyezaliwa Desemba mwaka 1950 hakuzaliwa na jiwe la tanzanite. Jiwe hilo lilikuwa halijagunduliwa. Liligunduliwa mwaka 1967, na mwaka uliofuata duka la Tiffany la New York likalipa jina na kulitangaza.

Hapa Pwani habari za nyota si ngeni, lakini njia ilikuwa nyingine kabisa. Mnajimu hakukuuliza mwezi. Alikuuliza jina lako na jina la mama yako, akahesabu thamani ya herufi zake kwa hesabu ya abjadi, akagawanya kwa kumi na mbili, na kilichobaki ndicho kilichomwonyesha buruji yako, kuanzia Hamali hadi Hutu. Watoto wawili waliozaliwa siku moja chini ya paa moja waliweza kuwa na nyota mbalimbali. Na pete iliyopendwa zaidi, ya akiki iliyoshikwa kwa fedha, ilivaliwa na mtu wa mwezi wowote. Katika Hadithi imepokewa kwamba Mtume Muhammad alikuwa na pete ya fedha yenye jiwe la Kihabeshi, na wapo wanaovaa kwa kufuata mfano huo. Wanazuoni nao hawachoki kutahadharisha kwamba pete ni pambo, na kwamba kuamini jiwe lenyewe ndilo liletalo riziki au liondoalo balaa ni kosa katika dini.

Jambo moja la kujivunia katika lugha yetu. Angalia kwamba Kiswahili huita kito cha Julai yakuti nyekundu na cha Septemba yakuti samawi. Wazungu wana majina mawili yasiyofanana hata kidogo. Wataalamu wa madini nao wanatuambia kwamba vito hivyo viwili ni madini ya aina moja, na kilichotofautisha rangi ni chembechembe ndogo za vitu vingine ndani yake. Lugha yetu, kwa kufuata Kiarabu, iliviweka chini ya jina moja.

CHANGAMWE: LANGO LA MSAFIRI

Sasa tuanze safari. Ukitoka kisiwani ukavuka Makupa, umeingia Changamwe. Hapa ndipo Mombasa inapoagana na bara. Uwanja wa ndege wa Moi uko upande wa Port Reitz, barabara ya Nairobi inapita hapa, reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896 inapita hapa, na mbele kidogo, Miritini, kuna kituo cha reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Simama kando ya barabara uangalie malori na mabasi. Yote yanaelekea au yanatoka njia ya Voi, umbali wa kama kilomita 150.

Na Voi, msomaji, ndipo penye jiwe la Januari. Vilima na nyika za Taita Taveta, kuanzia Mwatate hadi Kasigau, zina ganeti za rangi nyingi: nyekundu, za zambarau, za chungwa. Iliyo ghali kuliko zote ni ya kijani, nayo huitwa tsavorite. Mwanajiolojia Campbell Bridges, mzaliwa wa Uskochi, aliiona kwanza kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967. Aliposhindwa kupata ruhusa ya kuitoa huko, aliufuata mwamba ule ule ukivuka mpaka hadi Kenya, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaikuta Taita. Alilala katika nyumba aliyoijenga juu ya mti, kwa kuwa nyika ile ina simba na chui. Mwaka 1974 duka lile lile la Tiffany likalitangaza jiwe hilo kwa jina lililotokana na Mbuga ya Tsavo. Huko huko Taita, eneo la Mangari, mwaka 1973 ziligunduliwa yakuti nyekundu, jiwe la Julai.

Kumbuka kwamba ganeti ndiyo jiwe la usalama wa msafiri. Lakini mawe hayo hayakuwapa usalama wote waliowahi kuyashika. Mwezi Agosti 2009 Bridges aliuawa karibu na Voi, aliposhambuliwa na kundi la watu katika mzozo wa ardhi ya machimbo. Wachimbaji wadogo wa Taita nao wanaijua hatari: shimo jembamba, ngazi ya miti, kamba, sururu na taa, na ukuta wa udongo ambao haumpi mtu taarifa kabla ya kuporomoka. Wengi huchimba miezi kadhaa bila kuona kitu cha kuuza.

Na kikiuzwa, bei yake hubadilika njiani. Jiwe ghafi ni kama kokoto. Uzuri wake hutokea likishakatwa na kusuguliwa. Kwa miaka mingi kazi hiyo imefanyiwa zaidi ughaibuni, Jaipur nchini India na Bangkok nchini Thailand, ambako kuna wakataji mashuhuri wa dunia. Mchimbaji anapata fungu dogo, na faida kubwa inabaki mikononi mwa waliolisafirisha, waliolikata na waliolitia kwenye pete. Ndiyo maana watu wa Taita wamekuwa wakidai kwa muda mrefu kwamba vito vikatwe nyumbani. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 nayo iliweka kwamba mrabaha wa madini ugawanywe: asilimia 70 kwa Serikali ya taifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali yanapochimbwa. Ukiwa na mtoto anayesoma uraia, hesabu hiyo ni nzuri kumpa garini.

LIKONI: JIWE LA DESEMBA NDANI YA MCHANGA

Kutoka Changamwe unaweza kufika upande wa Likoni kwa barabara ya Dongo Kundu, bila kugusa maji. Lakini ukiwa na watoto, rudi kisiwani upande feri. Mwenda kwa miguu halipi kitu. Simama pembeni uliangalie lango la Kilindini, meli kubwa zikiingia na kutoka, maji yakiwa ya buluu iliyochanganyika na kijani. Rangi hiyo ndiyo ya akwamarini, jiwe la Machi. Jina lake kwa Kilatini lina maana ya maji ya bahari. Mabaharia wa Ulaya walilibeba wakiamini litawatuliza mawimbi.

Dua ya kuvuka salama inaeleweka vizuri hapa Likoni. Tarehe 29 Aprili 1994, katika kivuko jirani cha Mtongwe, feri ilipinduka muda mfupi baada ya kung'oa nanga, na watu 272 wakafa. Wazee wa upande huu hawajasahau. Tangu hapo kinachozungumzwa kivukoni ni idadi ya abiria, maboya ya kujiokolea na ukaguzi wa vyombo, nayo ndiyo mambo yanayomvusha mtu salama. Basi ukimvisha mwanao wa Machi akwamarini, mfundishe na kuogelea.

Ukishashuka, ng'ambo ya Likoni kuna habari ambayo wakazi wengi wa Mombasa wenyewe hawaijui. Tumesema kwamba mwaka 1952 zirkoni ilitiwa katika mawe ya Desemba. Ni jiwe la asili linalometa sana likikatwa, na watu wa zamani walisema humletea mwenye nalo usingizi mwema na hekima. Sasa, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2013 hadi Desemba 2024, kampuni ya Base Titanium ilikuwa ikichimba mchanga wenye madini katika kaunti jirani ya Kwale. Mchanga huo ulikuwa na madini matatu: ilmenaiti, rutile na zirkoni. Malori yaliuleta hadi Likoni, ukahifadhiwa katika ghala na kupakiwa melini. Shehena ya kwanza iliondoka mapema mwaka 2014.

Naam, jiwe la Desemba lilikuwa likipita Likoni kwa tani, na hakuna aliyelitia kwenye pete! Punje zake ni ndogo kama chumvi. Huko lilikokwenda husagwa na kutumiwa katika vigae vya sakafu, sinki na vyombo vya kauri, ili viwe vyeupe na viwe na mng'ao. Yamkini umekanyaga zirkoni asubuhi hii ukienda kuoga.

Hata hivyo usilidharau. Punje za zirkoni zilizopatikana Australia zimepimwa zikaonekana na umri wa miaka bilioni 4.4, na hakuna kitu cha dunia hii kilichopimwa kikawa na umri zaidi ya huo. Mwamba unaweza kumomonyoka, mto ukakauka, mlima ukawa tambarare, punje ya zirkoni ikabaki. Kwa mtoto wa Desemba hiyo ni maana nzuri kuliko zote zilizoandikwa kwenye kadi.

Tahadhari moja: madukani kuna kitu kiitwacho zirkonia, kinachong'aa kama almasi. Hicho hutengenezwa kiwandani, nacho kilianza kuuzwa kwa wingi miaka ya 1970. Majina yanakaribiana, lakini ni vitu viwili mbali.

KISAUNI: WATU WALIOITWA VITO

Rudi kisiwani, vuka Daraja la Nyali, nawe umo upande wa kaskazini. Hapa ninaposema Kisauni nina maana ya Kisauni ya zamani, kabla haijagawanywa likatokea eneo bunge la Nyali. Pita soko la Kongowea, na usikose kusimama Kengeleni, mahali palipopata jina kutokana na kengele ya Frere Town.

Frere Town ilianzishwa mwaka 1875 na wamishonari wa CMS, miaka miwili baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kutia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Manowari za Waingereza zilipokamata majahazi yenye watumwa baharini, baadhi ya waliookolewa waliletwa hapa. Wakapewa viwanja, shule na kanisa. Wako wakazi wa Kisauni leo ambao ni wajukuu na vitukuu vyao.

Lakini hilo linahusu vipi vito, utauliza. Hebu fikiri juu ya majina haya: Almasi, Feruzi, Marjani, Johari, Yakuti, Lulu, Zumaridi. Yote unayajua. Pengine ni ya shangazi yako au ya jirani. Ni majina mazuri, na wazazi wengi wamewapa watoto kwa mapenzi. Hata hivyo, historia inatuonyesha kwamba katika nchi za Bahari ya Hindi na Uarabuni, majina kama hayo ya vito mara nyingi yalipewa watumwa. Mtu alinyang'anywa jina alilopewa na mamake huko Nyasa au Uyao, akapewa jina la kitu cha thamani, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amefanywa mali. Hata yule mwanajiografia maarufu aliyefariki mwaka 1229, ambaye katika kamusi yake kubwa ya miji ya dunia aliitaja pwani ya Zenji, alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Jina lake lilikuwa Yaqut, yaani yakuti.

Na tumtazame mtoto wa Juni. Lulu yake inaambiwa ni usafi wa moyo. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 lulu bora zilitoka Ghuba ya Uajemi, na miongoni mwa waliozipigia mbizi walikuwa watumwa wengi waliotoka Afrika ya Mashariki, pamoja na watoto wao. Msimu mkubwa ulianza Juni hadi Septemba, wakati wa joto kali. Mpiga mbizi alibana pua kwa kibanio, akafungiwa jiwe mguuni limzamishe upesi, akaokota chaza mpaka pumzi ilipomwishia, akavuta kamba apandishwe. Akapumzika kidogo, akarudi tena, tangu asubuhi mpaka jioni. Lulu zikaenda Bombay, Paris na New York. Biashara hiyo ilianguka miaka ya 1930, Wajapani walipoweza kufuga chaza na kupata lulu za mashambani.

Sisemi haya ili mtu aone haya kuitwa Feruzi au kuvaa lulu. Kinyume chake, jina alilobebeshwa babu kama alama ya umilikaji, mjukuu analibeba leo kama jina la mtu huru, anapigia kura na kusainia hundi. Katika Kenya ya Pwani utumwa ulikomeshwa kisheria mwaka 1907. Inafaa mtoto aujue mwaka huo pamoja na maana ya kito chake.

Kabla ya kuondoka upande huu, fika Bombolulu. Warsha ya hapo ilianzishwa mwaka 1969, iko chini ya Chama cha Walemavu, APDK, na imejipatia jina kwa mapambo yanayotengenezwa na mafundi wenye ulemavu: mikufu, bangili na herini za shaba, shanga na mbegu. Huko hutaulizwa mwezi wa kuzaliwa. Lakini utaona kazi ya mkono, na utajua fedha yako imeishia kwa nani.

KABLA HUJATOA PESA

Sasa tuseme mtoto amekushika mkono, anataka kito cha mwezi wake. Sokoni utasikia maneno kama haya: "Mamangu, huyu wetu ni wa mwezi gani?" "Wa Septemba, mwanangu." "Basi nyota yake ni samawati, mvishe hii asome vizuri." Pete ya kioo ya bei ndogo haina madhara, ikiwa umeinunua kama pambo. Shida huanza pale unapoambiwa ulete elfu kumi ili nyota ya mtoto ifunguke, na huku karo ya muhula haijalipwa. Hapo, msomaji, mshike mtoto mkono uondoke. Kinachofungua nyota ya Septemba darasani ni kitabu.

Ukitaka kununua kito cha kweli, zingatia haya machache.

Kwanza, mnunulie mtu mwenye leseni na udai risiti iliyoandikwa jina la jiwe, uzito wake, na kama limetiwa moto au dawa. Kwa sheria ya Kenya anayefanya biashara ya madini anatakiwa awe na leseni. Anayekuuzia tsavorite mfukoni kando ya barabara, kwa haraka na kwa kunong'ona, ana sababu ya kunong'ona.

Pili, uliza juu ya moto. Tanzanite nyingi hutoka ardhini zikiwa na rangi ya kahawia. Hupashwa joto zikawa buluu. Hiyo ni desturi ya kawaida wala si udanganyifu, mradi muuzaji akwambie. Tsavorite kwa kawaida haitiwi moto.

Tatu, azima kioo cha kukuzia utazame ndani. Viputo vya duara kama vya soda aghalabu ni dalili ya kioo. Jiwe la asili huwa na mistari, vumbi au nyufa ndogo za maumbile. Aidha jiwe likiguswa na mdomo huwa baridi kuliko kioo. Majaribio haya husaidia, lakini kwa kitu cha bei kubwa mwone mtaalamu.

Nne, fikiria maisha ya Pwani. Ugumu wa mawe hupimwa kwa kipimo cha moja hadi kumi. Almasi ni 10, yakuti ni 9, topazi ni 8, ganeti ni kama 7, tanzanite ni kati ya 6 na 7, na lulu ni laini kuliko hayo yote. Lulu huharibiwa na jasho, marashi na ndimu. Ivae ukishajipaka manukato, na uivue kabla ya kuingia jikoni. Feruzi hunywa mafuta ikabadilika rangi. Kwa mama anayekuna nazi na kufua kila siku, pete ya lulu itadumu muda mfupi sana.

Mwisho, usidhani kito cha mwezi ni lazima kiwe ghali. Ganeti nyekundu ni miongoni mwa vito vya bei nafuu, na ndogo yake huweza kununuliwa na familia ya kawaida, ilhali tsavorite ya ukubwa ule ule huenda bei ikawa mbali kabisa. Zote mbili ni za Januari, na zote hupatikana Taita.

Unapompa mwanao zawadi hiyo, mpe na habari zake. Mwambie limechimbwa mahali gani, limekatwa na nani, na aliyelichimba alipata nini. Kama muuzaji ameshindwa kukujibu hata moja kati ya hayo matatu, mwambie umpe nafasi akaulize, nawe utarudi wiki ijayo. Wanunuzi kumi wakiuliza hivyo, wa kumi na moja atakuta jibu liko tayari kaunta, na mchimbaji wa Kasigau atakuwa amekumbukwa katika bei.